Leso mlangoni: jinsi jamaa na majirani walivyombeba mgonjwa wa saratani Mombasa, na pale walipoteleza

Kisa hiki nimekiandika kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, ambaye nitamwita Bi M. Mtaa, kazi za baadhi ya watu na mambo mengine machache nimeyabadilisha ili asitambulike. Nilimsomea kabla hakijatoka, akaniomba nirekebishe pahali pawili, nami nikarekebisha. Mimi ni mnasihi wa kujitolea katika kliniki moja ya saratani kisiwani Mombasa. Ninawaandikia wale wanaouguza nyumbani, akina mama wa vyama, na wanasihi wenzangu. Kila wiki naona watu wenye mapenzi tele wakimchosha mgonjwa wao bila kujua.

## Usuli

Bi M. alikuwa na miaka 42 tulipokutana, mwaka 2022. Anaishi ng'ambo ya feri, upande wa Likoni. Kwa miaka mingi amekuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi kibarazani kwake, kuanzia baada ya sala ya alfajiri hadi saa tatu hivi asubuhi. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu. Akitoka bandarini na mzigo, hapungui siku kumi barabarani. Wana watoto watatu. Mkubwa, nitakayemwita S., alikuwa kidato cha tatu.

Uvimbe aliugundua akioga, kwenye titi la kulia. Haukumuuma, na ndiyo sababu hakuujali. Uvimbe wa saratani ya matiti mara nyingi hauumi mwanzoni, na sisi tumezoea kuupima ugonjwa kwa maumivu. Akakaa nao miezi saba. Alimwambia mtu mmoja tu, mdogo wake Z. anayeishi Kisauni, tena akamwapisha asimwambie mtu. Z. alivumilia wiki mbili, kisha akavunja kiapo na kumleta hospitalini kwa nguvu. Bi M. hakumsemesha kwa siku tatu. Leo husema usaliti ule ndio ulioanza kumponya.

Akapigwa picha, akakatwa kipande cha nyama kikapelekwa maabara, majibu yakarudi: saratani, hatua ya pili. Madaktari wakapanga upasuaji wa kuondoa titi, kemo (dawa za kuua chembe za saratani) mara nane, kisha tiba ya miale. Kadi ya bima ilikuwa imekufa kwa kutolipiwa. Wakati huo ilikuwa bado NHIF, bima ya afya ya taifa. SHA ilikuja kuchukua nafasi yake Oktoba 2024. Chama chake cha akina mama 12, ambacho huchanga kila wiki na kumpa mmoja wao kwa zamu, kilikaa kikao cha nusu saa na kumpandisha Bi M. juu ya orodha. Mwenye zamu ya wiki ile alikuwa ameshaahidi karo ya mwanawe. Alikubali kungoja. Kadi ikafufuliwa kwa pesa hizo.

## Mambo yalivyokwenda

Upasuaji ulipita salama. Shida ilianza aliporudi nyumbani, na ilianza kwa wema.

Anayeijua Pwani anajua kwamba mgonjwa hutazamwa. Kutokwenda kumjulia hali jirani ni aibu inayokumbukwa hadi kwenye harusi za watoto. Siku nne za mwanzo, kwa hesabu ya Z., waliingia watu zaidi ya sitini katika chumba kimoja chenye dirisha moja. Kila mmoja alikuja na kitu: machungwa, uji, madafu, maziwa, bahasha. Na kila mmoja alitaka kusimuliwa tangu mwanzo. Bi M., mwenye mrija wa kutoa maji ubavuni, alikuwa akiinuka kuvaa buibui lake kila mlango ukigongwa. Aliniambia, "Nilihisi kama mimi ndiye mwenye nyumba ya matanga, na maiti ni mimi pia."

Kemo ya kwanza ilikuja wiki tano baadaye. Ni ile dawa nyekundu, doksorubisini, pamoja na siklofosfamidi, mara moja kila wiki tatu. Wauguzi walimtahadharisha kwamba mkojo ungekuwa mwekundu kwa siku moja au mbili, na hilo halikumtisha. Kilichomshinda ni harufu. Alfajiri ya siku ya tatu Z. alibandika karai jikoni ili biashara isilale, na mafuta yalipopata moto tu, Bi M. akatapika hadi akaketi sakafuni. Harufu iliyomlisha miaka yote ile ikawa adui. Alilia kuliko siku aliyopewa majibu. "Hata kazi yangu imenikataa," alisema.

Siku ya kumi na sita nywele zilianza kubaki kwenye mto. Z. alimwuliza kama anataka kunyolewa au kungoja. Akasema anyolewe, lakini si na Z. "Wewe utalia, nami nitaanza kukubembeleza wewe." Akamtaka Mama K., jirani wa mlango wa pili, Mkristo, aliyemuuguza mamake mzazi kwa maradhi hayohayo. Mama K. alikuja na mkasi na beseni. Walikaa uani juu ya mkeka, mlango umefungwa. Hakusema "utapona" wala "Mungu yupo". Alikata fungu moja, akasita. Akauliza kama mkono mzito, akakata jingine. Alipomaliza alimpaka mafuta ya nazi kichwani, akamfunga leso (kanga), akaenda kupika chai. Bi M. anaikumbuka saa ile kuliko dua zote alizoombewa, na dua anazithamini mno.

Kemo ya pili ndiyo iliyotufunza sote. Siku ya kumi baada yake, saa moja usiku, mwili wake ukawa wa moto. Mume alikuwa amerudi siku hiyo. Wakampa Panadol, joto likashuka, wakashukuru, wakalala. Saa kumi alfajiri S., aliyekuwa akilala chumba kimoja na mamake, aliamshwa na meno yakigongana. Jirani mwenye tuktuk akaamshwa, wakapanda feri gizani, wakafika hospitalini kumepambazuka. Joto lilikuwa nyuzi 39.1. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, zilikuwa karibu zimekwisha. Akawekewa antibiotiki za mshipani papo hapo, akalazwa siku sita. Kemo ya tatu ikasogezwa wiki moja.

Nilipomtembelea wodini nilimwuliza mumewe kwa nini hawakuja usiku uleule. Akasema, "Bi mkubwa, joto kwetu ni malaria, na malaria hungoja asubuhi." Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwa mtu aliye kwenye kemo, joto la nyuzi 38 halingoji. Maelezo hayo alipewa Bi M. peke yake, siku ya kwanza, akiwa amezubaa kwa hofu, kwenye karatasi ya Kiingereza. Nilikuwepo chumbani. Nilimwona akiikunja karatasi na kuitia mkobani, nami sikuuliza nani mwingine nyumbani ataisoma.

## Maamuzi, na kwa nini

Jumapili iliyofuata baada ya kutoka wodini tulikutana kwa Mama K.: Z., mume, Mama K., mwenye tuktuk, mweka hazina wa chama, shangazi mmoja mzee kutoka Kwale, nami. Bi M. alikuwapo na ndiye aliyeamua. Alianza kwa maneno ambayo sikuyategemea: "Nawapenda nyote, lakini nimechoka kuwapokea."

Jambo la kwanza lilikuwa wageni. Siku ya saba hadi ya kumi na nne baada ya kemo ndizo siku ambazo chembe nyeupe hushuka zaidi, na mgeni mwenye mafua anaweza kumletea mgonjwa balaa. Lakini kumfungia mlango jirani wa Likoni si jambo dogo. Z. ndiye aliyepata njia. Akachukua leso kuukuu ya mamao, yenye jina *Japo sipati tamaa sikati*, wakakubaliana kwamba siku itakapoanikwa juu ya mlango, salamu ni za kibarazani tu. Hakuna aliyelazimika kufukuzwa wala kuelezwa. Mtu akifika akaiona, huketi kibarazani, hutuma salamu kwa dirisha, huacha alichokileta, huenda zake na heshima yake. Kisomo cha dua ambacho akina mama walitaka kukisoma katikati ya siku hizo kilisogezwa hadi wiki ya tatu, wakati nguvu huwa zimerejea, kikasomwa uani kwa Mama K., kwenye hewa.

La pili lilikuwa karai. Bi M. hakutaka sadaka ya kila siku. Alitaka biashara yake. Wanawake wawili wa chama wakahamishia karai nyumba ya nne kutoka kwake, upande ambao upepo hauji, wakauza kwa jina lake na kumletea hesabu kila siku saa nne asubuhi. Yeye alikaa na daftari. Alikuwa akiwagombeza kuhusu iliki, na mimi nilifurahi kila nikisikia amewagombeza.

Shangazi alikuwa amekuja na chupa mbili za dawa ya mizizi ya kuchemsha. Wanasihi wengine wangemwambia moja kwa moja kwamba ni hatari. Ni kweli dawa kama hizo zinaweza kulisumbua ini au kugongana na kemo, na yaliyomo ndani yake hakuna anayeyapima. Lakini huyu ni mtu mzima aliyepanda matatu mbili kwa miguu iliyovimba. Tulimwomba twende naye kwa mfamasia wa kliniki. Mfamasia alimwita mama, akamwuliza kila mzizi kwa jina, akaandika, kisha akamwomba aiweke hadi matibabu yaishe. Aliporudi, Bi M. alimkabidhi kazi ambayo hakuna mwingine aliyeiweza: uji wa mchele wenye ndimu, wa vuguvugu, unaonyweka hata kinywa kikiwa na ladha ya chuma. Zile chupa hazikutajwa tena.

Tulinunua kipimajoto kwenye duka la dawa. Mume, aliyekuwa akizunguka uani bila kujua pa kuweka mikono, alifundishwa kukitumia, naye akamfundisha kila aliyekuwepo. Ukutani kukabandikwa karatasi kwa Kiswahili: *Joto 38 au zaidi, usimpe Panadol ukamlaza. Piga simu, nenda sasa hivi.* Chini yake nambari mbili, ya kliniki na ya mwenye tuktuk. Akiwa safarini mume alipiga simu kila jioni na swali lake lilikuwa moja: "Imesoma ngapi?" Bi M. aliniambia kwamba katika ndoa yao hakuwahi kusikia maneno ya mahaba yaliyomgusa kama hayo.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wangu. Nilimkutanisha na mwanamke aliyemaliza matibabu miaka miwili kabla yake. Awali alikataa, alihofia kuona mbele yake jambo baya zaidi. Wakati wa kemo ya tatu yule mama alikuja akaketi kiti cha pembeni na ushanga wake, hakusema mengi. Dripu ilipofika katikati Bi M. akamwuliza, "Ganzi ya kwapani iliisha?" Akajibiwa, "Haikuisha yote. Nimeizoea." Jibu hilo, lisilo tamu, lilimpa nguvu kwa sababu lilikuwa la kweli.

## Matokeo

Kemo zilizobaki zilikwenda bila kulazwa tena. Mara moja kipimajoto kilisoma 38.2, ndani ya saa mbili alikuwa ameshaonwa. Zile nne za mwisho, za dawa nyingine iitwayo paklitakseli, zilimletea ganzi vidoleni hata akashindwa kufunga kifungo, lakini kutapika kulipungua na harufu ya mafuta ikaanza kusameheka.

Kemo ya nane iliangukia Ramadhani ya 2023. Alitaka kufunga. Sheikh wa msikiti wa mtaani, aliyeitwa na mume, alimkumbusha kwamba Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, akakaa naye hadi moyo ukatulia. Jioni futari zilimiminika. Saa saba mchana ndiyo iliyokuwa ngumu: nyumba kimya, wenziwe wote wamefunga, yeye na bakuli lake nyuma ya pazia kama mwizi. Mama K. alilitambua bila kuambiwa. Mwezi mzima alikuja na sahani yake saa saba, wakala pamoja.

Miale ilikuwa vikao kumi na tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na kwa wiki hizo tatu alihamia kwa Z. Kisauni ili asivuke feri kila siku. Sasa yuko kwenye tembe za tamoksifeni, za kuzuia saratani isirudi, za miaka mitano, na anahudhuria kliniki kwa ratiba. Karai limerudi kwake.

S. hakutoka salama hivyo.

## Uchambuzi

Nianze na S., kwa sababu ndipo tuliposhindwa. Katika kikao kile tuligawa kazi zote za mchana kwa watu wazima. Usiku hatukuugawa. Tulichukulia kwamba usiku mgonjwa analala. Mgonjwa wa kemo halali: anatapika, anaona kiu, anaogopa. Kwa kuwa S. alilala chumba kile, usiku wote ukawa wake, miezi mitano, bila mtu kumwomba wala kumshukuru. Alikuwa akifika shuleni saa nne au hafiki kabisa. Sisi tulimsifu. "Mtoto mwema, Mungu amjalie," tulisema mbele yake, na sifa zile zikamfungia mlango wa kulalamika. Aliyegundua ni mwalimu wake, alipomkuta amelala juu ya karatasi ya mtihani. Z. alikuja kulala pale siku tatu kwa wiki kuanzia kemo ya sita, lakini muhula ulikuwa umekwisha. Bi M. aliisikiliza sehemu hii mara mbili na kusema niiache kama ilivyo.

Kosa la karatasi ya Kiingereza ni letu sisi wa kliniki. Jamaa hawakuzembea, walifanya kile ambacho kila nyumba ya Pwani hufanya mtu akipata joto. Onyo la maana namna hii halifai kupewa mtu mmoja, tena siku anayoanza kemo. Sasa tunataka mgonjwa aje na watu wawili wa nyumbani, na mmoja wao aturudishie maelezo kwa maneno yake kabla hawajaondoka. Wengine huona twawachelewesha. Tunawachelewesha.

Leso mlangoni ilifaulu, naamini, kwa sababu haikupingana na ada. Kama tungebandika tangazo la "wageni hawaruhusiwi", mtaa ungesema Bi M. ana kiburi au ana ugonjwa wa kuambukiza, na fununu ya pili ingeumiza zaidi. Leso iliwaachia watu wajibu wao na kuupunguza ukubwa. Kwa nyumba nyingine ishara itakuwa nyingine. Ya lazima ni kwamba mgonjwa mwenyewe awe ndiye anayeianika na kuianua.

Hapo ndipo naona kiini cha kisa hiki. Watu waliomtia nguvu Bi M. si waliompenda zaidi. Wale sitini wa mwanzo walimpenda. Waliomtia nguvu ni waliopewa kazi inayojulikana, au walioitafuta wenyewe kwa kumtazama vizuri, kama Mama K. na sahani yake. Shangazi na chupa zake alikuwa mzigo. Shangazi na uji wake alikuwa nguzo, naye ni shangazi yuleyule. Mume asiye na kazi alikimbilia barabarani. Mume mwenye kipimajoto alirudi hata akiwa Malaba, mpakani na Uganda.

Kuhusu yule mama aliyemtangulia: nilichelewa. Ningemkutanisha naye kabla ya kemo ya kwanza, angalau nimwulize mapema na nikubali kukataliwa. Bi M. anasema angekataa. Hata hivyo, angejua mlango upo.

Nami sikumwuliza hata mara moja, katika miezi yote ile, iwapo kuna mtu ambaye hamtaki. Alikuwepo. Ndugu wa upande wa mume, mwenye kusema mbele ya watoto kwamba fulani alikatwa titi na bado akafa. Alikuja mara nne. Bi M. alimvumilia kwa heshima, na kila alipoondoka hakula siku nzima. Niliambiwa haya baada ya miale kwisha. Swali hilo sasa liko kwenye fomu yetu ya kwanza, nami huliuliza mgonjwa akiwa peke yake.

Mwezi uliopita Bi M. alivuka feri akaja kliniki siku isiyo yake. Alikaa kiti cha pembeni karibu na msichana wa miaka 29 aliyekuwa akianza ile nyekundu. Alikuja na mahamri manne ndani ya karatasi, akayaweka kwenye mkoba wake mwenyewe, zipu imefungwa hadi mwisho. Muuguzi alimwuliza kama amekuja kuuza. "La," akasema, "ni ya mamake, akitoka nje. Huyu leo hawezi kuyanusa."